Kutoka Likoni hadi Buta: safari ya kutafuta Kifaransa

Watu wengi wa parokia yetu ya Likoni, Mombasa, waliposikia kwamba ninakwenda nchi za nje kusoma Kifaransa walidhani ninakwenda Paris, na walipojua kwamba ni Bujumbura, baadhi yao walinihurumia waziwazi. Mimi sikuona cha kuhurumiwa. Anayeomba visa ya masomo ya Ufaransa hutakiwa kuonyesha kwamba ana angalau yuro 615 za matumizi kwa kila mwezi atakaokaa huko, na hizo ni fedha ambazo kijana anayeongoza watalii Diani kwa vibarua vya msimu hawezi kuzikusanya. Burundi, kwa upande wake, imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Mkenya huingia kwa pasi yake bila kuhangaikia visa. Kifaransa ni lugha rasmi huko na ndiyo lugha ya masomo ya juu, na ada ya chuo kidogo nilichokipata niliimudu baada ya kuweka akiba kwa misimu kadhaa. Safari ndefu za barabarani hazikunitisha, kwa kuwa nilikwisha kwenda Namugongo, Uganda, pamoja na vijana wenzangu kuadhimisha Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, tukalala chini na kurudi tukiwa na furaha.

Nilipita njia ya Voi na Taveta, nikaingia Tanzania kwa Holili, kisha Moshi, Arusha, Singida, Nzega na Kahama, nikibadilisha mabasi kila nilipoweza kupata la bei nafuu zaidi. Sina mengi ya kusema juu ya njia hiyo isipokuwa kwamba ni ndefu, na kwamba abiria mgeni hulipishwa kwa kadiri anavyoonekana kuchoka. Tiketi niliyouziwa Arusha ilinigharimu zaidi ya ile aliyouziwa jirani yangu wa kiti, ingawa tulikwenda mji mmoja katika basi moja. Kiti changu kilikuwa juu ya gurudumu la nyuma, dirisha halikufunga, na sahani ya wali na kuku iliyouzwa mahali basi liliposimama ilikuwa na bei ambayo Mombasa ingetosha kulisha watu wawili wakashiba.

Jambo lililoniumiza lilitokea mpakani Kobero, upande wa Burundi. Nilihitaji faranga, na kijana mmoja aliyekuwa akizunguka kati ya abiria akanibadilishia shilingi zangu kwa noti za faranga 10,000 zilizopangwa vizuri, zikahesabiwa mbele yangu mara mbili. Tulipofika Muyinga, mwenye mgahawa alizitazama, akanirudishia bila neno, kisha akamwita mwenzake aje azione. Noti hizo zilikwisha kufa. Mwezi Juni 2023 Benki Kuu ya Burundi iliondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, ikawapa wananchi siku kumi tu za kuzipeleka benki, na tangu hapo hazina thamani yoyote. Aliyenipa alijua hivyo, tena alijua kwamba mtu aliyetoka Kenya kwa basi hawezi kujua. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilishindwa hata kusali.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyepanda Kahama, ambaye hadi hapo hatukuwa tumesemezana. Alilipia maharage yangu na ugali wa muhogo, akanitazama nikila, akaniambia kwa Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, "Mwanangu, hayo ni makaratasi. Kula kwanza." Alikuwa anatoka kuwatembelea jamaa zake Ulyankulu, mkoa wa Tabora, ambako wazazi wake walikimbilia mwaka 1972 wakati wa mauaji yaliyotokea Burundi, na ndiko alikokulia kabla ya kurudi kwao. Kabila lake hakunitajia, nami sikumwuliza. Tulipoteremka kutoka Bugarama kuelekea Bujumbura, akinionyesha vijana wa baiskeli wanaoning'inia nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima, alikwisha kujua kwamba sina pa kulala, na kabla hatujafika mjini tulikuwa tumekubaliana kodi ya chumba katika nyumba yake ya Nyakabiga. Wengine wangeita bahati. Mimi naamini nilipelekwa.

Miezi iliyofuata ilikwenda kama inavyokwenda miezi ya masomo. Petroli ilikuwa adimu, magari yalilala kwenye foleni usiku na mchana, nauli zilipanda, na mara nyingi nilikwenda darasani kwa miguu. Samaki wa mukeke, ambao nilisimuliwa sana sifa zao, nilikula mara chache kwa sababu ya bei, lakini dagaa wa ziwa tulikuwa nao karibu kila jioni. Ugumu wangu mkubwa haukuwa sarufi. Ugumu ulikuwa kwamba Bujumbura mtu wa Mombasa anaweza kuishi bila kuhitaji Kifaransa hata kidogo: sokoni watu huzungumza Kiswahili, na mtaa wa Buyenzi ni wa Waswahili tangu enzi za ukoloni, hata nilipoingia huko nikajihisi nipo Majengo ya Mombasa. Mwenye nyumba wangu, ambaye nilimwita Mama, alipoona hivyo alikataza Kiswahili nyumbani baada ya chakula cha jioni, na rozari tukawa tunaisali kwa Kifaransa. Nawashauri Wakristo wanaojifunza lugha wafanye vivyo hivyo. Sala ambazo umezijua tangu utotoni tayari zina maana moyoni mwako, hivyo maneno mapya hukaa mahali pake bila kulazimishwa.

Lakini mimi nimekaa kuandika kwa sababu ya Buta.

Mwezi Aprili ulipokaribia kwisha, Mama aliniambia kwamba kila mwaka hujitahidi kwenda Buta kwa ajili ya kumbukumbu ya tarehe 30, na kwamba safari hii angependa nimsindikize na kumbebea mzigo. Jina hilo sikuwa nimelisikia kabla. Tulisafiri kwa Probox ya abiria, wanne nyuma na wawili kando ya dereva, kwa nauli ambayo dereva aliipandisha tukiwa tumekwisha kuketi, akisema petroli ameinunua kwa magendo. Barabara ya kusini inafuata Ziwa Tanganyika, na sehemu nyingine maji ya ziwa yaliyofurika miaka ya karibuni yamekula nyumba na kukaribia lami. Tulipita Mugere, penye jiwe la Livingstone na Stanley, ambalo wenyeji wengine husema ndipo walipokutana, ingawa walikutana Ujiji, na hapo walilala tu mwezi Novemba 1871. Rumonge tuliacha ziwa na mashamba ya michikichi, tukaanza kupanda kuelekea Bururi, na baridi ikaingia garini, mimi nikiwa na shati la mikono mifupi la pwani.

Buta ni seminari ndogo, yaani shule ya sekondari ya wavulana wanaofikiria upadri. Pana majengo ya shule, kanisa, na makaburi arobaini. Tulifika mapema, na kabla ya Misa mwalimu mmoja mstaafu, mzee anayefahamiana na Mama, alichukua jukumu la kunieleza kilichotokea. Alisema kwa Kifaransa cha taratibu sana, akisimama kila baada ya sentensi na kunitazama machoni, kama fundi anayepima kuta kabla ya kuongeza tofali. Sikumwomba arudie hata mara moja, na katika miezi yote ya darasani hilo halikuwa limewahi kunitokea.

Vita vya Burundi vilianza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Katika miaka iliyofuata shule nyingi ziligawanyika, wanafunzi Wahutu wakiwaogopa Watutsi na Watutsi wakiwaogopa Wahutu. Gombera, yaani mkuu wa seminari ya Buta wakati huo, Padri Zacharie Bukuru, hakutaka seminari yake igawanyike. Vijana walikula pamoja, walilala pamoja, na walizungumza juu ya vita vyenyewe bila kuficha. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi wa Kihutu waliivamia seminari, wakaingia katika bweni la wanafunzi wakubwa, na kuwaamuru watengane, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana hao hawakutengana. Waliamriwa tena, wakakataa tena, wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono wakiwa pamoja. Waliouawa ni arobaini. Mwaka 2019 kanisa la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuomba watangazwe wenye heri.

Mzee alipomaliza nilitembea kati ya makaburi nikisoma majina. Nilikuwa na umri wa wale wakubwa wao, au nilikuwa nimewapita kidogo. Nilijiuliza ningefanya nini mimi, na sikuwa na jibu ninaloweza kuliapia. Mtutsi aliyekaa alikaa kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Lakini Mhutu katika bweni lile angeweza kuchukua hatua chache akaishi. Hakuzichukua, na aliyemzuia si mtu mwingine ila dhamiri yake.

Baada ya Misa, tulipokuwa tukinywa chai, mzee aliniuliza kama kwetu Mombasa tuna amani. Nilikuwa na jibu la mkato la watalii, nikaona aibu kulitoa mahali pale. Ndipo nilipoanza kumweleza, kwa Kifaransa, habari za mwaka huohuo wa 1997.

Usiku wa tarehe 13 Agosti wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari na kuiba bunduki, na katika siku na majuma yaliyofuata wakawachomea nyumba na kuwaua watu waliowaita wa bara: Waluo, Wakamba, Waluhya, Wakikuyu. Watu zaidi ya mia moja waliuawa na maelfu kwa maelfu walikimbia, wengi wao wakipiga kambi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza machafuko hayo. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama yangu ni Mkamba, na usiku huo alikuwa na dada yangu mchanga mgongoni. Jirani yetu, mama Mdigo na Mwislamu, alimvuta ndani, akamvisha buibui lake, akamketisha jikoni pamoja na mabinti zake. Wanaume walipobisha na kuuliza wabara wa nyumba ya pili wamekwenda wapi, aliwajibu kwamba humu ndani wamo watoto wake tu, na akasimama mlangoni hadi walipoondoka. Kulipokucha akamsindikiza mama yangu hadi kanisani kwa miguu yake mwenyewe.

Maneno mengi sikuwa nayo. Nilipokwama, Mama wa Nyakabiga alinisaidia, akichukua Kiswahili changu na kumkabidhi mzee kwa Kirundi, naye mzee akanirudishia Kifaransa chake, nikaendelea. Tulipofika mwisho, mzee aliniuliza swali moja tu: yule jirani tunamkumbuka namna gani? Nikamwambia kwamba mama yangu humwombea, na kwamba alifariki miaka michache iliyopita tukamzika na wenzake. Akauliza, "Na kanisa?" Hapo sikuwa na la kusema. Nimekulia katika parokia ile, nimepata komunyo ya kwanza na kipaimara pale, nimeimba kwaya katika uwanja uleule walipolala waliofukuzwa, na sijawahi kuonyeshwa ubao wala kusikia majina yao yakisomwa.

Tangu siku hiyo Kifaransa changu kilibadilika, na mwalimu wangu alikiona kabla yangu. Nilikuwa nimepata jambo la kusema. Mtihani wa DELF, unaopima Kifaransa cha wageni, wa kiwango cha B2 una sehemu nne zenye alama 25 kila moja, na anayetaka kufaulu lazima apate jumla ya 50 bila kuanguka chini ya 5 katika sehemu yoyote. Niliogopa zaidi sehemu ya kuzungumza, na ndiyo iliyonipa alama za juu. Kazi imenijia pia: sasa ninawaongoza wageni wa Ufaransa na Ubelgiji katika Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, kwa malipo ambayo bado ni madogo ukilinganisha na yale wageni wanayotozwa na wakala.

Nimemwandikia paroko wetu nikiomba Misa ya kila tarehe 13 Agosti kwa ajili ya waliouawa, na kwa ajili ya wale waliofungua milango yao. Amekubali kuliwasilisha ombi hilo kwa baraza la parokia, akaniagiza nianze kukusanya majina kwa familia, mtaa kwa mtaa, kwa ridhaa ya kila nyumba. Nimeanza na wa kwetu. Watoto wa jirani yetu wamekubali jina la mama yao lisomwe, ila mwanawe mkubwa ameuliza kama itafaa Mwislamu kutajwa katika Misa bila kuonekana amegeuzwa Mkristo akiwa kaburini. Ni swali la haki. Nimemwahidi kwamba jina halitasomwa kabla ya yeye na paroko kuketi pamoja, na wamekubaliana kukutana baada ya Idi.