Jembe la Mpini Mfupi

Nimetoka sasa hivi kwenye maktaba ya mtaa wetu hapa Chicago, ambako majirani tulikusanyika kutazama filamu ya makala kuhusu Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na mgomo wa wachumaji zabibu wa Delano, California, ulioanza mwaka 1965 na kumalizika mwaka 1970.

Kilichonigusa zaidi ni jembe la mpini mfupi, lililomlazimu kibarua wa mashamba ya mboga kuinama kutwa nzima, huku msimamizi akimtambua kwa mbali yeyote aliyenyoosha mgongo.

Lilipigwa marufuku California mwaka 1975.

Taa zilipowashwa, mzee mmoja alisimama akatuonyesha kwa viganja viwili urefu wa mpini ule, nami nikashindwa kujizuia kulia.

Ndugu zangu, nani kwenu alilelewa kwa vibarua vya shambani? Tusimulieni.