Mama na mashamba ya Toscana

Nimechelewa kuandika hii ya safari yetu ya Italia kwa sababu kila nikikaa naanza na Venice na Roma halafu naona hapana, siyo yenyewe. Kilichonikaa kichwani ni Mama dirishani kwenye basi, anakagua mashamba ya watu.

Tulipanda basi la watalii kutoka München, Ujerumani, mimi, mume wangu, watoto na Mama aliyekuja kututembelea kutoka Njombe. Magoti yanamsumbua, mambo ya kukimbizana na treni na ngazi za stesheni hawezi tena, kwa hiyo basi ndo lilitufaa, unakaa, mizigo iko kwenye buti. Tukavuka milima ya Alpi pale Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, mita 1,370 hivi juu ya usawa wa bahari, Mama akasema baridi hii anaijua. Watoto walilalamika kwa nini tunasimama simama, baba yao akawaeleza sheria za Ulaya zinamtaka dereva akishaendesha saa nne na nusu apumzike dakika 45. Mama alifurahi kusikia hivyo, maana huko kwetu mnashushwa porini kuchimba dawa, hujamaliza vizuri honi inapigwa.

Jioni ya kwanza, mkoa wa Veneto kaskazini mwa Italia, tukaletewa polenta. Mama kaonja, kanitazama, “mwanangu, si ugali huu?” Ugali kabisa, wa mahindi ya njano, tena mahindi yenyewe yalifika kwao kutoka Amerika kama yalivyofika kwetu. Baadaye nilimsimulia kwamba karne ya 18 na ya 19 maskini wa huko walikula polenta karibu peke yake mpaka wakaugua pelagra, ngozi inababuka, wengine akili inavurugika, kwa sababu ya kukosa vitamini. Aliwaonea huruma kweli, akauliza hata maharage hawakuwa nayo?

Venice basi linaachwa Tronchetto, kisiwa cha maegesho, mnaingia na boti, watoto walifurahi kupita maelezo. Firenze ilikuwa joto na watu wengi, tuliliona kuba la kanisa kuu alilojenga Brunelleschi, lililokamilika 1436, tukarudi.

Sasa kutoka Siena kushuka bonde la Val d'Orcia, huko huko mkoa wa Toscana, ndo Mama akawa hasemi na mtu. Ilikuwa Julai, ngano imeshavunwa, marobota ya majani yamelala kwenye vilima, alizeti zinachanua, mizeituni, halafu juu ya kila kilima nyumba moja ya mawe peke yake. Wenzetu wote wanapiga picha. Yeye akamuuliza muongoza watalii, mimi natafsiri: wanaolima hapa wako wapi, mbona sioni watu?

Yule dada alifurahi kuulizwa, akakaa karibu na Mama kabisa akaeleza kwamba kwa karne nyingi Toscana ililimwa kwa mezzadria, yaani tajiri anatoa shamba na nyumba, familia inatoa nguvu, mavuno yanagawanywa nusu kwa nusu. Mama akauliza mbegu alitoa nani. Gharama waligawana. Na mkulima akikorofishana na mwenye shamba? Mkataba unavunjwa, anahama na watoto na bibi yao. Mama akatikisa kichwa, akanong'ona “nusu nzima”. Mwaka 1964 sheria ikakataza mikataba mipya ya aina hiyo, lakini vijana walikuwa wameshaanza kukimbilia viwandani mijini, nyumba zikabaki tupu, na nyingi ndo hizi wanazolaza wageni siku hizi.

Na sisi tulilala kwenye mojawapo. Chumba cha chai ya asubuhi zamani kilikuwa zizi, ng'ombe chini familia juu, Mama akawa anapapasa ukuta anauliza walifungwa upande gani, maji walichota wapi. Mimi hivi vilima nimeviona kwenye kalenda miaka yote na sikuwahi kujiuliza hata swali moja kati ya hayo, na nilijisikia fahari sana kuwa mtoto wake.

Roma aliona Colosseum kupitia dirishani, akasema inatosha, mimi na watoto tukaingia. Jibini la kondoo la Pienza alibeba kipande kizima. Sasa kasikia Vercelli huko Piemonte wanalima mpunga, anataka akija tena tumpeleke, na aende wakati upo shambani siyo umeshavunwa. Mume wangu ameshaanza kuulizia mabasi.