Chapeni kitabu cha takwimu, hata nakala chache

Wapo wanaosema takwimu rasmi zibaki mtandaoni tu, vitabu visichapwe tena. Mimi naona tofauti. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410 mkoani Mbeya. Ile ya 2022 ikahesabu 2,343,754. Ukiziweka tarakimu hizi bega kwa bega, utadhani mkoa umepoteza watu zaidi ya 360,000 ndani ya miaka kumi. Sivyo. Mwaka 2016 Mbozi, Momba na Ileje zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyomegwa kuunda Mkoa wa Songwe. Majedwali yaliyopangwa upya kwa mipaka ya sasa yanaipa Mbeya ya 2012 watu 1,708,548, na Songwe 998,862. Jumlisha: unarudi palepale kwenye 2,707,410.

Tarakimu zote mbili za 2012 ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Mipango na mgao wa fedha wa miaka ya kabla ya Songwe vilitumia ile kubwa. Anayekagua leo maamuzi ya 2014 lazima aione kama ilivyotangazwa wakati ule, na kitabu cha sensa kilichotoka 2013 bado kinayo. Jedwali la mtandaoni linaweza kubadilishwa asubuhi, na mchana asiwepo wa kukumbuka lilisomekaje jana. Pato la Taifa lina tabia hiyohiyo: mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kama msingi wa kulinganisha, ulipohamishwa kutoka 2007 kwenda 2015, tarakimu za miaka ya nyuma zilikokotolewa upya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa kusambaza, karatasi imeshapitwa. Kwa kuhifadhi ushahidi wa kilichotangazwa na tarehe yake, bado inahitajika.

Wengi hudhani PDF inamaliza ubishi. Ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Ni ngumu kukokotolea kama kitabu, na ni rahisi kubadilishwa kama tovuti. Ukinakili jedwali lake kwenda Excel, seli zilizounganishwa husambaratika, tanbihi huingia katikati ya safu, na kistari kilichomaanisha “hakuna taarifa” hugeuzwa sifuri na mtu mwenye haraka. Hata faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu lenye safu zilizotenganishwa kwa mkato, lina mtego wake. Kila mkoa una msimbo wake wa takwimu: wa Dodoma ni 01, Arusha 02, Kilimanjaro 03. Lifungue kwa kubofya tu, Excel itaifuta sifuri ya mbele, na ukija kuunganisha na faili jingine mikoa hiyo haitakutana. Dawa ni kuliingiza faili kupitia menyu ya Data na kuitangaza safu ya msimbo kuwa matini (Text), si namba, kabla ya kupakia.

Marekani walijaribu njia ya kukata kabisa. Kitabu chao cha muhtasari wa takwimu kilichoanza 1878 kilikoma kutolewa na serikali baada ya toleo la 2012, kwa sababu ya kubana bajeti. Wakutubi walipiga kelele. Kampuni binafsi ikaichukua kazi hiyo, na toleo la mtandaoni likawa la kulipia. Sioni kwa nini sisi tuige hilo.

Cha kuchapa si kingi: ripoti kuu za sensa, muhtasari wa takwimu wa kila mwaka, na maelezo ya mbinu zilizotumika. Mfumuko wa bei wa kila mwezi ubaki mtandaoni. Nakala zitoshe Maktaba ya Taifa, maktaba za mikoa, vyuo vikuu, Bunge na Hifadhi ya Nyaraka. Kwa idadi ndogo hivyo, mashine ya kidijitali ni nafuu kuliko ofseti, uchapaji wa mabamba ya chuma, ambayo gharama ya mabamba hayo hulipwa ileile uchape nakala 50 au 5,000.

Kurasa 400 za A4 kwenye karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ni karatasi 200, yaani kilo moja kabla ya jalada. Kitabu kizito namna hiyo kishonwe. Kikibandikwa kwa gundi pekee, mgongo hupasuka kikikandamizwa kwenye mashine ya fotokopi, na kurasa zinazoanza kudondoka ni zile zinazonakiliwa sana. Ukingo wa ndani uachwe angalau milimita 25, la sivyo safu ya mwisho humezwa na mshono. Karatasi iwe isiyo na asidi, maana ya bei rahisi hugeuka manjano na kukatika.

Halafu kuna jambo dogo ambalo lingeunganisha kitabu na faili. Kila faili la data likokotolewe alama yake ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yaliyomo kwenye faili, na alama hiyo ichapwe chini ya jedwali husika. Ni herufi na tarakimu 64 tu. Mtu akibadili hata tarakimu moja kwenye faili, alama hutoka tofauti kabisa, na mwenye kitabu mkononi atajua kwamba alichopakua sicho kilichotangazwa.

Kosa likigundulika baada ya kuchapa, faili lisibadilishwe kimyakimya. Itolewe karatasi ya masahihisho yenye tarehe, namba ya jedwali, tarakimu ya zamani, mpya na sababu. Maktaba ziibandike ndani ya jalada. Mtandaoni faili jipya liitwe toleo 1.1, na 1.0 libaki kwenye anwani yake ileile, lipakulike.