Kilo 44 za jiwe zimeenda wapi

Wiki hii nawaza chokaa tu. Mdogo wangu yuko form two hapa Mbeya, kaikariri ile sheria ya kemia vizuri sana, maada haiumbwi wala haiharibiki, nikamuuliza sasa mbona kuni zikiungua linabaki jivu kiganjani tu? Akasema dada, si zimeisha. Simlaumu, sheria aliandikiwa ubaoni, mzani hajawahi kuushika.

Mi nadhani watoto wa huku wangeanzia Songwe, kule kwenye matanuri ya chokaa. Jiwe la chokaa likiwa safi, ingiza kilo 100, moto ufike kama nyuzi 900 hivi, unatoa kilo 56. Zile 44 zimepaa, ni hewa ya ukaa, yaani karibu mfuko mzima wa saruji umeondoka na hakuna aliyeuona!! Hapo ndo tunapokwama wengi, tunaona hewa kama si kitu.

Na haiishii hapo. Hizo kilo 56 ukizimwagia maji zinachemka zenyewe, zinashika kilo 18 za maji zinakuwa 74, unapaka ukuta, halafu polepole ukuta unavuta hewa ya ukaa kilo 44 na kuachia yale maji 18, piga hesabu mwenyewe, umerudi 100. Ukuta umekuwa jiwe tena. Hii kitu inanifurahisha sijui nisemeje.

Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, mwaka 1774 alipasha moto metali ya bati (tin) kwenye chombo alichokiziba, akapima, uzito haukubadilika, alipofungua hewa ikaingia kwa kasi ndo uzito ukaongezeka. Kwa hiyo kizibo ndo kila kitu, ukipima chombo kiko wazi unapima nusu ya habari.

Jana tukajaribu na dogo: chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu, siki robo kikombe, kijiko kidogo cha baking soda nimekikunja kwenye tishu (msizidishe, na msitumie chupa ya kioo kabisa), tukaweka vyote mzanini, tukatumbukiza tishu na kufunga fasta. Ikachemka, chupa ikawa ngumu kama jiwe, mzani kimya. Akalegeza kizibo, pssss, namba ikashuka gramu moja na kitu. Akaniangalia, akasema dada, hiyo ndo imetoka sasa hivi, nimeisikia.