Dua Ambayo Haikurushwa Hewani

Barack Obama alipoapishwa Januari 20, 2009, saa sita mchana ya Washington ilikuwa saa mbili usiku kwetu Afrika Mashariki. Tuliokuwa katika kazi za itifaki tuliitazama sherehe ile tukiwa na ratiba mkononi, na jina lililotushughulisha zaidi lilikuwa la mchungaji Rick Warren, aliyepewa dua ya ufunguzi.

Novemba 2008 wapiga kura wa California walikuwa wamepitisha, kwa takriban asilimia 52, pendekezo lililofuta haki ya ndoa za jinsia moja katika jimbo hilo. Warren aliliunga mkono waziwazi. Alipotangazwa katikati ya Desemba, kidonda cha waliopoteza haki ile kilikuwa bado kibichi. Obama alijibu kwamba Warren naye aliwahi kumkaribisha kanisani kwake akijua wanatofautiana kuhusu utoaji mimba. Hoja hiyo naiheshimu mpaka leo. Ila ukimkaribisha mwenye msimamo, umebaki na deni kwa wale walioumizwa na msimamo huo, na deni hilo hulipwa kabla majina hayajatangazwa.

Hapa lililipwa kwa kuchelewa. Januari, lawama zikiwa zimeshapamba moto, askofu Gene Robinson wa New Hampshire, shoga aliyejitambulisha hadharani, alitangazwa kuwa ataomba dua kwenye tamasha la Jumapili, Januari 18, pale Lincoln Memorial, jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln mjini Washington. Akaomba kabla matangazo ya HBO, kituo cha televisheni kilichorusha tamasha hilo, hayajaanza. Waliokuwa nyumbani hawakumwona, na baadhi ya waliokuwa uwanjani hawakumsikia. Kamati ya maandalizi ikasema nia ilikuwa dua ile irushwe, ikajutia kosa.

Kosa hili linaumiza kwa sababu linazuilika. Sherehe kubwa ina ratiba mbili: ya jukwaa na ya matangazo. Anayeongezwa mwishoni hukuta dakika za hewani zimeshagawanywa, kwa hiyo husogezwa mbele, kwenye muda ambao watu bado wanatafuta viti na mafundi bado wanajaribu mitambo. Jina lake limo kwenye programu iliyochapishwa, kamati inaridhika, na hakuna aliyemuuliza mtayarishaji wa matangazo kamera zinawashwa saa ngapi. Kila jina liandikiwe saa kamili ya kupanda jukwaani, kipaza sauti atakachotumia, na kama atakuwa hewani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo naiangalia kwanza. Ndiyo inayosema nani amealikwa azungumze na nani amealikwa aonekane kwenye orodha.

Nafasi nazo hazilingani. Dua ya ufunguzi husikilizwa na umati mzima uliotulia. Baada ya hotuba kuu watu huanza kuinuka. Mchungaji Joseph Lowery, mzee wa miaka 87 aliyeshirikiana na Martin Luther King katika harakati za haki za raia, alipewa dua ya kufunga, nyuma ya hotuba na shairi la Elizabeth Alexander. Aliushika umati kwa kuufanya uitikie Amina. Ni kipaji chake kilichoibeba nafasi ile, na mratibu hapaswi kutegemea kipaji cha mgeni kuziba upungufu wa ratiba.

Mwaka 2013, Obama alipoapishwa kwa muhula wa pili, dua ya ufunguzi alipewa Myrlie Evers-Williams, mjane wa mpigania haki Medgar Evers. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuomba dua hiyo kwenye uapisho wa rais wa Marekani, tena si kasisi. Upande wa kufunga, mchungaji Louie Giglio alijitoa siku chache kabla, baada ya kuibuka mahubiri yake ya zamani kuhusu ushoga, na kasisi Luis León akashika nafasi yake. Mahubiri yale yalikuwepo miaka yote. Kuyasikiliza ni kazi ya kufanywa kabla ya mwaliko kutumwa, na afadhali ifanywe pamoja na watu wanaotajwa ndani yake, kwa kuwa wao huyasikia ambayo wengine huyapita.