Mistari Kumi na Miwili

Mwaka wangu wa pili chuoni nilijipa cheo cha mshauri wa fedha. Biashara sikuwa naisoma. Mimi nilikuwa mtu wa historia. Nilikuwa na kitabu kimoja cha maktaba kilichochanika jalada, na daftari nililonakili humo mambo ya bajeti, mfumuko wa bei, hisa na hatifungani. Kichwa kilivimba siku nilipokutana na kanuni ya 72: gawa 72 kwa kiwango cha riba, unapata takriban miaka ambayo fedha itachukua kukua mpaka iwe mara mbili. Kwa asilimia 12, miaka 6. Nilipogundua kwamba Luca Pacioli, mwanahisabati wa Italia, aliitaja katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, basi tena. Chumba kizima kilinikoma.

Ndipo mwenzangu wa chumbani akaja na karatasi ya mkopo. Alitaka kompyuta. Mkopo 1200, muda mwaka mmoja, riba asilimia 12, marejesho kila mwezi.

"Hebu nipigie hesabu, kaka."

Sikushika hata kalamu. Riba 144, jumla 1344, kwa mwezi 112. "Nafuu hiyo, saini." Akasaini.

Na hesabu ilikuwa sahihi, ndiyo maana sikushtuka.

Wiki mbili baadaye, usiku, nikafika sura ya mikopo. Kitabu kiliuliza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: riba hiyo inapigwa juu ya kiasi gani? Nikachora mistari 12. Kila mwezi mwenzangu anapunguza 100 ya deni lenyewe, kwa hiyo mwezi wa kwanza anadaiwa 1200, wa pili 1100, mpaka wa mwisho 100. Lakini riba yake ni 12 ile ile kila mwezi, kana kwamba 1200 yote bado anayo. Mwezi wa mwisho anatozwa 12 kwa deni la 100! Nikapiga upya, safari hii asilimia 1 ya kinachobaki: 12, 11, 10, hadi 1. Jumla 78. Nikarudia, nikidhani nimeruka mstari. 78 tena. Yeye alikuwa analipa 144. Ukichukua wastani, mwaka ule alikaa na 650 tu za watu, na 144 juu ya 650 ni kama asilimia 22.

Alikuwa amelala, kompyuta mpya juu ya meza, bado na karatasi yake ya nailoni kwenye kioo. Sikumwamsha.

Asubuhi nikampa daftari. Aliteremka nalo kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini, kisha akapanda tena. Nilisubiri anitukane.

"Sasa nikimaliza kulipa mapema, hiyo riba iliyobaki wananisamehe?"

Kitabu sikuwa nimekifikisha huko.

"Nipe ile karatasi uliyosaini," nikamwambia. "Niisome."