Kidonda cha mguu: tafuta damu kabla ya bandeji

Kidonda kikigoma kupona, kwa kawaida hubadilishwa dawa ya kupaka, halafu aina ya bandeji, halafu antibiotiki, na bado hakuna aliyepapasa mguu kutafuta mapigo. Tishu iliyokosa oksijeni haijengi nyama mpya, na chembe nyeupe za damu hushindwa kuua vijidudu.

Papasa mapigo upande wa juu wa wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kisha kwa dopla, kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu, pima kifundoni presha ya juu (sistoli), uigawe kwa ile ya mkono wenye presha kubwa zaidi. Kifundo 70, mkono 140: jibu ni 0.5. Mguu huo ukifungwa bandeji ya kubana, mgonjwa anaweza kuupoteza. Bandeji ya kubana kikamilifu, yaani takriban milimita 40 za zebaki kifundoni, inahitaji jibu la angalau 0.8. Jibu likivuka 1.3 usishangilie. Mara nyingi mishipa imekakamaa, hasa kwa mwenye kisukari, na kafu, yaani mkanda wa kupimia presha, haiwezi kuibana. Hapo pima presha ya kidole gumba cha mguu.

Mguu wenye shida ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, uinuliwe juu ya usawa wa moyo, kwa sababu uvimbe huirefushia oksijeni safari ya kutoka kapilari hadi kwenye seli. Tatizo likiwa la ateri, mishipa inayoleta damu mguuni, kuinua huzidisha maumivu na kupunguza damu.

Baridi na maumivu hukaza mishipa midogo, na hapa wauguzi ndio tunaoharibu. Maji ya chumvi ya kusafishia kidonda yafikishe joto la mwili, nyuzi 37, kwa kuzamisha chupa ikiwa imefungwa kwenye bakuli la maji ya moto. Parasetamoli ya kumeza itangulie usafishaji kwa dakika 30 hadi 60. Na usikiache kidonda wazi kikimsubiri daktari wa raundi. Andaa kila kitu ndipo ufungue.

Kwa anayelala muda wote, mto ukae chini ya shavu la mguu kwa urefu wake wote, kisigino kielee hewani. Mto mdogo chini ya kano ya kisigino huhamishia mgandamizo pale pale. Kigaga cheusi, kikavu na kigumu kisiguswe wala kulainishwa mpaka hali ya damu ijulikane: huenda chini yake hakuna damu ya kutosha kuponya utakachokifungua.